Ukuta Ulioinama na Haki ya Anayekaa Chini Yake

Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho wanafunzi wengi wa pwani yetu wamekisoma mkekani mbele ya masheikh wao, imo mistari michache kuhusu ukuta. Imo katika milango ya diya, na mwanafunzi huipita upesi kwa kuwa haihusu sala wala saumu. Hukumu yake ni hii. Mtu akijenga ukuta wake tangu mwanzo ukiwa umeinamia njia ya watu, kisha ukaanguka ukaua au ukaharibu, dhamana ni yake. Akiujenga umenyooka, ukainama baadaye na kuanguka, hana dhamana. Hapo Imamu akaongeza kauli nyingine, akaitaja kwa namna inayoonyesha kuwa si yenye nguvu katika madhehebu: kwamba ikiwa mwenyewe aliweza kuubomoa au kuutengeneza na asifanye, atalipa. Na kuhusu roshani inayotokeza juu ya njia, hukumu yake ni kwamba kuijenga ni halali maadamu haiwadhuru wapitao, lakini ikianguka, uhalali ule haumwokoi mwenyewe na malipo.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi walilipanua zaidi jambo la ukuta. Kwao, kinachogeuza hukumu ni onyo. Ukuta ukishaonekana umeinama, na mwenye haki ya kusema akamwendea mwenyewe akamtaka aubomoe, na muda wa kutosha wa kuubomoa ukapita, basi kuanzia hapo kila kitakachoharibiwa nao kimo shingoni mwake. Dola ya Uthmaniya ilipokusanya hukumu za fiqhi katika sheria iliyoitwa Majalla, kati ya mwaka 1869 na 1876, iliyaandika hayo katika kifungu cha 928, na ikaeleza pia ni nani mwenye haki ya kuonya. Ukuta ukiwa unaelekea njia ya wote, yeyote mwenye haki ya kupita aweza kuonya. Ukiwa unaelekea nyumba ya jirani, mwenye kuonya ni yule anayekaa katika nyumba ile. Litazame neno hilo, msomaji wangu: anayekaa. Hawakumtaka awe ndiye anayeimiliki.

Nimeanza na vitabu vya kale kwa sababu ya swali nililoulizwa baada ya darsa ya akina mama. Mama mmoja, mpangaji wa ghorofa ya tatu, alisema hivi: "Sheikh, upo ufa katika chumba cha watoto. Mwanzo ulikuwa kama uzi, sasa kidole kinaingia. Nimemwambia mwenye nyumba, akaleta fundi akaziba na kupaka rangi. Ukarudi. Nikisema zaidi nitaambiwa nihame, na kodi ya mahali pengine siiwezi. Je, nikinyamaza nina dhambi?" Nilimwambia awahamishe watoto chumba kile usiku ule ule, halafu ndipo tuzungumze habari ya dhambi. Aliyoyauliza ni ya fiqhi, lakini ni ya serikali pia, na ya mhandisi, na ya mfuko wa familia. Ndiyo maana nimeona yanastahiki nafasi katika gazeti letu hili badala ya kuishia mlangoni mwa msikiti.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha Nairobi, jengo la ghorofa sita liliporomoka katika mtaa wa Huruma. Watu wapatao 50 walifariki. Kitoto cha kike kisichotimiza hata mwaka kilitolewa hai chini ya kifusi baada ya saa 80 hivi, na nchi nzima ikamshukuru Mola. Lakini pamoja na shukrani hiyo lipo jambo ambalo halifai kusahauliwa. Jengo lile, lililosimama ukingoni mwa mto, lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa. Waliopaswa kuona walikuwa wameona. Waliobaki ndani ni wapangaji, ambao kila mwisho wa mwezi waliendelea kulipia vyumba vyao.

Ukilipima jambo hilo kwa mizani ya Majalla, onyo lilitolewa na muda ukapita. Kilichokosekana ni mtu wa kulifikisha onyo mwisho wake. Alama nyekundu ukutani humwambia mwenye nyumba, ambaye mara nyingi halali humo, kwamba mali yake ina kasoro. Mama anayelala humo na watoto wanne haimwambii aende wapi kesho, wala nani atamrudishia amana aliyoiweka alipoingia. Kwa hiyo hubaki. Mimi siwezi kumlaumu kwa kubaki.

Wala msidhani kuwa balaa hili ni la nchi yetu peke yake. Huko Bangladesh, nchi ya ndugu zetu Waislamu, palikuwa na jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza, karibu na mji wa Dhaka. Ghorofa za juu ziliongezwa bila idhini, zikawekwa viwanda vya kushona nguo na mashine zake nzito. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa kubwa zilionekana. Benki iliyokuwamo ikafunga tawi lake, ikawaondoa wafanyakazi wake. Maduka ya chini nayo yakafungwa. Washonaji wa nguo, wengi wao wanawake, waliambiwa warudi kazini kesho yake asubuhi, na waliosita wakatishiwa mishahara yao. Jengo lilianguka asubuhi hiyo. Waliokufa ni 1,134. Ufa ule uliwaambia wote jambo moja, ila waliokuwa na uwezo wa kuusikiliza ni wenye benki.

Sasa turudi kwetu. Wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba. Hapakuwa na haja kubwa ya afisa wa kupima, kwa kuwa mti wenyewe ulikuwa mpimaji: fundi hakuweza kukipanua chumba kuliko boriti ilivyomruhusu. Kuta zilikuwa na unene wa kiasi cha nusu mita. Dirisha halikufunguliwa mahali ambapo jicho lingeangukia uani kwa jirani, na mlango haukutazama moja kwa moja ndani walimo wanawake wa nyumba. Mgeni alipokewa barazani au dakani. Ilikuwa ni kanuni ya ujenzi iliyotimia, isipokuwa haikuandikwa, ilikaa mikononi mwa mafundi na katika haya ya wenye nyumba.

Nyumba hizo nazo zina maradhi yao leo. Wengi wanazipiga lipu ya simiti kwa kudhani wanazitia nguvu. Chokaa hupumua, unyevu ulioingia ukutani hupata njia ya kutoka. Simiti huuziba unyevu huo ndani pamoja na chumvi, mawe yakaliwa taratibu, na vichwa vya boriti vilivyozamishwa ukutani vikaoza mahali ambapo jicho halifiki. Ukuta kwa nje unang'aa. Mwenye nyumba katika Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu asimruhusu fundi kugusa ukuta wa matumbawe kabla ya kuzungumza na ofisi za makumbusho zinazosimamia hifadhi ya miji hii. Watu huziogopa ofisi hizo kana kwamba kazi yao ni kukataza tu, na wakati mwingine, kusema kweli, nazo huchangia kujengewa hofu hiyo. Lakini elimu ya chokaa wanayo.

Kisha ikaja simiti na chuma, na hapo fundi akapata uhuru ambao babu yake hakuuota: chumba cha upana wowote, ghorofa juu ya ghorofa. Uhuru huo unakwenda na hesabu. Boriti ya mkoko ikizidiwa hupinda mbele ya macho yako, nawe ukapata nafasi ya kukimbia. Nguzo ya zege iliyojengwa vibaya yaweza kusimama kimya miaka mingi, kisha ikasalimu amri kwa usiku mmoja.

Naomba akina mama wanivumilie kidogo niieleze zege, kwa sababu wengi wenu ndio wenye kushika fedha za ujenzi. Kuna anayejenga kwa fedha za chama, kuna ambaye mume au mtoto yuko Ghuba na kila mwezi hutuma, naye mama ndiye anayesimama kiwanjani akihesabu mifuko ya simiti. Basi jueni haya. Zege ni simiti, mchanga, kokoto na maji, na ndani yake vyuma vya nondo. Katika pwani yetu adui mkubwa wa zege ni chumvi. Mchanga wa ufuoni una chumvi. Maji ya visima vingi vya karibu na bahari yana chumvi. Chumvi hiyo haiidhuru sana simiti yenyewe, lakini hukiendea chuma kilichofichwa humo ndani. Chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kizima, kwa hiyo huisukuma zege kutoka ndani hadi ikapasuka. Ndiyo hizo nyufa mnazoziona zimenyooka kufuata mstari wa nondo, na madoa ya hudhurungi, na vipande vya dari vinavyoanguka jikoni vikaacha vyuma vyekundu vinachungulia. Ukimwona fundi anachota mchanga wa pwani, au anachanganya zege kwa maji ambayo wewe usingeyapikia chai, msimamishe. Mwulize pia nondo zitafunikwa na zege kiasi gani, maana chuma kilicho karibu na uso wa ukuta ndicho hewa ya bahari hukifikia kwanza.

Jambo la pili ni haraka. Zege haikauki kama nguo. Hupata nguvu kwa kukaa na maji. Inatakiwa kumwagiwa na kuwekwa majimaji kwa muda wa siku saba angalau, na wahandisi huihesabu nguvu yake kwa siku 28. Lakini mwenye jengo ana wapangaji wanaotaka kuingia kabla ya Ramadhani, basi nguzo za mbao zinazoshikilia dari huondolewa mapema zikahamishiwa ghorofa ya juu. Jambo la tatu ni uzito. Mji wa Mombasa una dhiki ya maji, hivyo kila paa limepandishwa matangi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 10,000 likijaa ni tani kumi zilizowekwa juu ya vichwa vya watu, na mara nyingi aliyeliweka hakumwuliza yeyote kama nguzo za chini zilihesabiwa kwa mzigo huo. Ndivyo ilivyo pia kwa msingi uliochimbwa kwa ghorofa mbili, kisha mwaka wa tatu ikaongezwa ya tatu, na mtoto wa kiume alipooa ikaongezwa ya nne.

Je, serikali haikuyaona haya? Imeyaona, na sheria hazikosekani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya makazi ya kutosha yanayofikika na usafi wa kiwango kinachofaa. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, nayo huwasajili wakandarasi katika ngazi nane, ya kwanza hadi ya nane, kila ngazi na ukubwa wa kazi inayoruhusiwa. Serikali ya kaunti ndiyo inayotoa kibali cha kujenga chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Kanuni zenyewe za ujenzi tulizozitumia kwa zaidi ya nusu karne zilikuwa za mwaka 1968, wakati nchi ilikuwa na umri wa miaka mitano tangu uhuru. Sasa zimepatikana mpya za mwaka 2024, zilizoanza kutumika mwaka 2025.

Shida iko kwingine. Anayejenga bila kibali, sheria hiyo ya 2019 inamtoza faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi miwili, au yote mawili. Kwa mama anayeongeza chumba uani, hiyo ni kufilisika. Kwa mwenye ghorofa kumi, ni kodi ya muda mfupi tu, anaweza kuitia katika bajeti yake pamoja na bei ya kokoto. Adhabu inayomuumiza dhaifu na kumpapasa mwenye nguvu haitajenga nidhamu. Na hata kibali kikipatikana kwa njia safi, tukumbuke ile roshani ya Imamu Nawawi: ruhusa ya kujenga haimwondolei mtu dhamana ya kilichoanguka.

Nimewahi kusikia watu wakisema kuwa ukaguzi na vipimo ni mambo yaliyoletwa na wakoloni, na kwamba Mwislamu yamtosha nia njema na kutegemea kwa Mola. Hawajasoma. Mwanzoni mwa karne ya 12 ya Miladi, katika mji wa Ishbiliya huko Andalusi, mwanachuoni Ibn Abdun aliandika risala kuhusu kazi ya muhtasibu, yaani msimamizi wa masoko na mafundi. Akataka unene wa kuta uwe na kiwango. Akataka matofali, vigae na mbao za kuezekea viwe na vipimo maalumu, na vigezo vya vipimo hivyo vitundikwe katika msikiti wa jamaa ili virejewe. Msikitini, ndugu zangu! Mahali ambapo mnunuzi, muuzaji, fundi na kadhi wote hupita mara tano kwa siku. Karne mbili baadaye huko Tunis, Ibn al-Rami, ambaye mwenyewe alikuwa mwashi, alikusanya kitabu kizima cha hukumu za majengo. Kadhi alipoletewa kesi ya ukuta au ya moshi wa jirani, alimtuma yeye akatazame kwa macho kabla ya kuhukumu.

Nalipenda wazo la kutundika kipimo mbele ya watu. Leo kiwanja cha ujenzi hutakiwa kuwa na ubao unaoonyesha mwenye jengo, mkandarasi, msanifu na mhandisi ni nani. Mara ngapi tumepita pembeni ya mabati ya kiwanja tusiulize ubao uko wapi? Kamati za misikiti zingeweza kuomba kaunti orodha ya majengo ya mtaa wao yaliyopewa kibali, na idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa, wakaibandika kwenye mbao zao za matangazo pamoja na ratiba ya darsa. Aliyeruhusiwa ghorofa tano akaanza ya saba, hata mtoto wa chuoni angeweza kuzihesabu kutoka barabarani.

Narudi kwa ufa wa yule mama, kwa kuwa si kila ufa ni wa kuogopwa. Mstari mwembamba kama unywele katika lipu mara nyingi ni lipu tu iliyokauka upesi. Wa kuutilia maanani ni ufa unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, ufa ulio katika nguzo au chini ya boriti ya zege, ufa unaoonekana pande zote mbili za ukuta, na zaidi ya yote ufa unaokua. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukaanza kukwama bila mvua, hiyo nayo ni ishara. Chukua kalamu ya risasi, uweke alama ndogo mwisho wa ufa huku na huku, uandike tarehe pembeni yake. Piga picha, pamoja na sarafu ili upana ujulikane. Baada ya wiki mbili tazama tena. Ufa ukivuka alama yako, umekwisha kupata shahidi asiyeweza kukanushwa kwa ndoo ya rangi.

Kisha andika barua. Maneno ya mdomo kwa msimamizi wa nyumba, siku ya kulipa kodi, hayahifadhiwi na mtu. Barua iwe fupi: tarehe, nambari ya nyumba, kilichoonekana, na ombi kwamba mhandisi aliyesajiliwa aje akague. Itiwe sahihi na wapangaji wengi iwezekanavyo, nakala moja ipelekwe kaunti na nyingine Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Hata afisa wa afya ya umma ana nguvu hapa, kwa kuwa Sheria ya Afya ya Umma, sura ya 242, inamruhusu kumwandikia mwenye nyumba notisi juu ya makazi yaliyo hatari. Weka nakala yako pamoja na risiti za kodi.

Na roshani? Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) alionya vikali juu ya mtu kulala juu ya paa lisilo na kizuizi. Hiyo ni dini iliyojali kimo cha ukingo wa paa. Ghorofa zetu nyingi zina roshani ambazo mtoto wa miaka mitatu akipanda ndoo ya kufulia ananing'inia nusu mwili, na ngazi zisizo na mshikio. Hili halihitaji mhandisi. Linahitaji mwenye nyumba kulipia vyuma vichache, na mama kutoacha ndoo pale.

Sasa lile la hofu. Mpangaji akisema hufukuzwa. Ndivyo akina mama wanavyoniambia, nami nawaamini. Ipo Sheria ya Udhibiti wa Kodi, sura ya 296, iliyokusudiwa kumlinda mpangaji asipandishiwe kodi wala kutolewa ovyo. Lakini inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyeshe ghorofa ya vyumba viwili Mombasa yenye kodi hiyo. Kikomo kile kiliwekwa zamani na kikaachwa hapo, na familia zikakua zikakipita kama mtoto anavyoipita kanzu yake. Wabunge wetu wa pwani wangefanya jambo kubwa kuliko hotuba nyingi iwapo wangekiinua, na wakaongeza kifungu kimoja kinachomkataza mwenye nyumba kumtoa mpangaji kwa kisa cha kuripoti hatari.

Sera ya nyumba ya serikali kwa miaka hii imeelekea kwenye kujenga mpya. Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya mwaka 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Sina ugomvi na kujenga nyumba mpya, ingawa suala la mikopo yake na riba lina mlango wake. Ninachosema ni kwamba mama wa ghorofa ya tatu haishi katika nyumba zitakazofunguliwa kesho. Anaishi katika iliyojengwa na mtu binafsi, na fedha ya kukagua majengo yaliyopo, na ya kuzihifadhi familia kwa mwezi mmoja au miwili jengo linapofungwa, ni sehemu ya sera ya nyumba vile vile. Mkaguzi asiye na mahali pa kuwapeleka watu atasitasita kulifunga jengo. Naye ni mwanadamu.

Kuna na wale ambao sheria ya vibali haiwafikii kabisa. Katika Majengo, Kisauni, Likoni na kwingineko, watu wengi wana nyumba bila shamba: nyumba ni yake, ardhi ni ya mwingine, naye hulipa kodi ya uwanja. Mizizi ya jambo hili inarudi kwenye sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyowaacha wengi wa ukanda huu bila hati. Asiye na hati atapata wapi kibali? Mara nyingi makubaliano yake na mwenye ardhi ni ya maneno, na hayamruhusu kujenga jengo la kudumu. Kwa hiyo hutengeneza kidogo kidogo, usiku, bila mhandisi. Kumwita mvunja sheria ni rahisi. Haki ni kumpatia kwanza karatasi inayomwezesha kuitii.

Mwisho niwageukie wenzangu wasimamizi wa wakfu. Nyumba nyingi za Mji wa Kale ni za wakfu, zina kodi ndogo ya miaka mingi, na paa zake zinavuja. Fukaha wameafikiana juu ya utaratibu: mapato ya wakfu hutangulizwa katika kuutengeneza wakfu wenyewe, kisha kinachobaki ndicho hugawiwa wanaostahiki. Msimamizi anayegawa fungu kamili kila mwaka huku ukuta umeanza kuinama huwa amewapa wanufaika fedha ambayo bado haijawa yao. Wanufaika, ambao miongoni mwao wamo wajane na mayatima, wana haki ya kuuliza katika mkutano wa hesabu kiasi gani kimetengwa kwa matengenezo na fundi gani amekagua. Na mpangaji wa nyumba ya wakfu ana haki ile ile ya anayekaa: barua yake aiandike kwa msimamizi, nakala aipeleke kwa Tume ya Wakfu, na tarehe ya ufa aiache ukutani kwa kalamu ya risasi.